Migomba ya Mama Mkwe

Marahaba, wanangu. Najua mmeniamkia wengi kwa mpigo, nami nawaitikia mara moja kwa wote, maana siku hizi hata pumzi naitumia kwa kupima. Magoti yananiuma, mgongo umegoma, na kila nikitaka kuinuka lazima nitaje jina la Yesu kwanza. Wajukuu wanadhani nasali. Nasali kweli, ila ni sala ya kuomba kusimama.

Vijana wa jumuiya yetu hapa Mbuba mlinijia baada ya Misa mkaniuliza: Bibi, mtu anayajuaje mapenzi ya Mungu, na akishayajua anayatii vipi katika maisha ya kila siku? Mlitaka jibu fupi la kupeleka kwenye semina yenu. Jibu fupi sina. Mimi si padri wala katekista. Nilikuwa bibi shamba, kwanza Kasulo, kisha Biharamulo, mwisho Nyakisasa, na ninachokijua zaidi ni migomba. Kwa hiyo nitawaeleza ya migomba, na mkiona hayafai kwa semina, basi mkaimbe tu, nyimbo mnazo nyingi.

Kazi alinifundisha Bwana Rajabu. Alikuwa Mwislamu wa Biharamulo mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara ambao wazee wao walitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kinateleza kama mafuta. Mimi Mhangaza nilikuwa, na bado niko, mtu wa kuchanganya l na r. Siku ya kwanza kusimama mbele ya wakulima nilitaka kuwaambia nimekuja kuzungumza nao habari za kula. Nikasema nimekuja kwa habari za kura. Mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mgombea ni nani?" Mimi nikasikia mgomba. Nikamjibu kwamba ipo mingi, kila mtu achague ulio mzima na autunze. Bwana Rajabu alilazimika kwenda nyuma ya nyumba kucheka. Aliporudi alikuwa amekunja uso kama hakimu, akaendeleza mkutano, wala hakunisema hata neno.

Bwana Rajabu alinifundisha jambo ambalo chuoni hawakulitaja: ukifika kwa mkulima, salimia watu kabla ya mimea. "Skola," alikuwa akiniambia, "ukiingia uani macho yako yakakimbilia shambani, umeshamwambia mwenye nyumba kwamba yeye ni kitu kidogo. Uliza wazee wameamkaje. Uliza mtoto aliyekuwa na homa. Mgomba hauna miguu, utakusubiri."

Na alikuwa mtu wa sala. Tulikuwa na pikipiki moja. Saa ya sala ikifika anasimamisha kando ya barabara, anatandika mkeka, na mimi nabaki na pikipiki nikihesabu rozari yangu. Siku moja mvua ilikuwa inakuja, imeshafunika milima yote, na njia ya kurudi ilikuwa ile ya udongo mwekundu unaogeuka sabuni. Nikamwambia, "Mzee, tutalala njiani." Akasema, "Mvua ni ya nani? Na sala ni ya nani? Basi waache wapatane wenyewe." Tulilowa hadi kwenye mifupa. Hawakupatana. Lakini sikuwahi kumwona akiahirisha, na mimi niliyekuwa nikisali pale ninapopata nafasi, nilianza kuona haya.

Tunaposali Baba Yetu, tukifika pale pa kuomba mapenzi yake yatimizwe, tunapapita mbio kama pikipiki iliyopata lami. Tunataka kufika kwenye mkate. Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka ulipokuja mnyauko wa migomba.

Ninyi mnaujua mnyauko kwa kusimuliwa tu. Majani yanalegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, ukizipasua ndani zina rangi ya kutu. Ukikata mgomba unatoka uteute wa njano. Hakuna dawa. Unasafiri kwa panga lililokata mgomba mgonjwa likaja kukata mzima, na unasafiri kwa nyuki anayetembelea ua moja hadi jingine. Ndiyo maana tuliwafundisha watu kuvunja lile ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, na kila ukitoka kwenye mgomba mmoja, panga liunguzwe motoni au lioshwe kwa maji ya jiki kabla ya kugusa mwingine. Watu walicheka. Panga lina ugonjwa gani? Limekuwa mtu?

Na maagizo ya wakati ule yalikuwa makali. Shina likiugua, ng'oa lote pamoja na watoto wake. Ugonjwa ukiwa umeenea shambani, ng'oa shamba zima, upande kitu kingine, ardhi ipumzike. Hayo ndiyo tuliyofundishwa, na ndiyo niliyokuwa nikienda kuyasema Nyakisasa, nyumba hadi nyumba. Kumwambia mtu wa huku ang'oe migomba ni kumwambia abomoe jiko lake, posa zake na matanga yake. Walinisikiliza kwa heshima, wakanisindikiza hadi njiani, na hawakung'oa.

Kisha ukaingia kwangu, hapa Mbuba.

Nilikuwa mjane tayari. Mume wangu Dionizi alikuwa ameniacha na binti mmoja, Adelina, na mama yake mzazi, Mama Matilda, tuliyeishi naye ua mmoja. Shamba la migomba lililotuzunguka lilikuwa lake. Alilipanda na mumewe walipokuwa vijana, na mgomba wa mlangoni waliupanda siku alipozaliwa Dionizi. Ulikuwa umezaa na kuzaa tena, watoto wakishika nafasi ya wakubwa, lakini kwake ulikuwa ni uleule. Akiuegemea alikuwa anaugusa kama unavyogusa bega la mtu.

Asubuhi moja nilikuwa naenda kukata majani ya kufunikia chungu, nikaona jani limelegea kule chini, upande wa bondeni. Nikasogea. Nikapasua ndizi. Kutu. Nikatembea shamba lote, na kila upande nilikuta mgonjwa. Nikakaa chini kwenye majani makavu, sikulia, nilichoka tu, uchovu wa ghafla kama mtu aliyetua mzigo ambao hakujua ameubeba.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo lilipo swali lenu. Hakuna aliyejua. Harusi ya Adelina ilikuwa imekaribia na pombe ya ndizi ya harusi ile, urwagwa kama tunavyoiita, ilikuwa itoke palepale. Ningeweza kukata wagonjwa wachache kimya kimya, nikasubiri harusi ipite. Wiki ileile nilikuwa na mkutano Nyakisasa wa kuwaambia watu wang'oe. Nilitamani Mungu aniambie jambo jingine. Nilikwenda kanisani nikakaa, nikamwambia, "Bwana, unajua ya kwamba mama yule hana kingine." Hakunijibu kitu. Hakuna sauti iliyokuja. Nilichokuwa nacho ni kile nilichokuwa nakijua tangu mwanzo: kwamba siwezi kumwambia jirani ng'oa, nami nikabakiza. Mara nyingi, wanangu, tunayatafuta mapenzi ya Mungu si kwa sababu hatuyajui. Tunayatafuta kwa kutumaini kwamba tutapata mengine.

Nilipomwambia Mama, hakupiga kelele. Aliuliza, "Yote?"

"Yote, Mama."

"Hata wa mlangoni?"

Nikageuka kuutazama. Mgomba wa mlangoni haukuwa na dalili hata moja.

Adelina na mimi tulianza kung'oa tukisaidiwa na majirani wawili. Ni kazi ya kuvunja mgongo, kuchimba mpaka chini ya shina, kukatakata, kurundika. Mama alikaa kizingitini ametugeuzia mgongo. Tulifanya kazi hivyo mpaka shamba likaisha na nyumba yetu ikaonekana kutoka barabarani, uchi, kama mtu aliyenyolewa. Ukabaki ule wa mlangoni. Nikasimama mbele yake na jembe, nikasema moyoni, huu nauacha, na Mungu ataelewa.

Mama akainuka. Akaingia ndani, akatoka na jembe lake la mpini mfupi, akanisukuma kando kwa bega.

"Kama umesema yote, ni yote," akasema. Akaanza kuchimba. Mwanamke wa umri ule, alichimba kwa hasira, udongo unaruka, na hakutaka kusaidiwa. Ulipoanguka alifuta jasho kwa kitenge, akaenda kulala mchana kweupe.

Baada ya hapo hakuzungumza nami. Alizungumza na Adelina. Mimi niko palepale jikoni, anasema, "Adelina, mwambie mama yako chumvi imekwisha." Adelina ananigeukia, "Mama, bibi anasema chumvi imekwisha." Nami najibu, "Mwambie bibi nimesikia." Tuliishi hivyo. Harusi ikafanyika kwa soda na pombe ya mtama, na wazee wa upande wa pili walinywa kwa adabu huku wakitazamana. Adelina alipoolewa akaondoka, tukakosa mkalimani. Tulikaa kimya, tukawa tunaelewana kwa kukohoa.

Mahali pa migomba nilipanda maharage. Siku ya kuvuna, Mama alishika ganda, akalipasua, akasema akitazama bonde, "Yamekubali." Nikageuka kuona anamwambia nani. Hapakuwa na mwingine. Nikajibu, "Yamekubali, Mama." Mpaka leo nikipika maharage nakumbuka sauti ile.

Kule Nyakisasa nako watu walianza kung'oa. Sikujua kwa nini walibadilika. Nilidhani ni mafundisho yangu, na nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe. Kati ya waliong'oa alikuwepo Mzee Gervas, mkulima Mkatoliki, mkali, ambaye mara ya kwanza alinifungia mlango. Aling'oa shamba lake lote. Mwaka ule njaa iliwapiga, na mtoto wake mkubwa akaondoka kwenda kutafuta maisha machimboni.

Sasa linakuja lililonichosha kuliko yote.

Miaka ikapita, tukaitwa Biharamulo kwa mafunzo. Mtaalamu kijana, mpole, alisimama akatueleza kwamba utafiti umesonga mbele. Si lazima kung'oa shina zima, wala shamba zima. Kata ule mgomba mgonjwa peke yake, usawa wa ardhi, mara tu unapouona, choma panga lako, vunja maua dume, rudia kila unapoona mwingine. Shamba hupona polepole. Walio wazima waacheni.

Wenzangu walishangilia, maana ilikuwa habari njema kweli. Mimi nilimsikia akisema wazima waacheni, na sikusikia kitu kingine mpaka jioni. Nilipanda gari la kurudi kwetu Ngara nikiwa mtupu. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayarudia yote hapa. Nilimwambia: nilikutii, nawe ulijua. Ulijua mgomba wa mlangoni ungebaki. Ukanitazama tu.

Kesho yake alasiri nilimkuta Mama uani, ungo mapajani, anachambua maharage. Nilitaka kunyamaza. Nani angemwambia? Lakini baada ya siku chache nilikuwa natakiwa kwenda kuwaambia watu wa Nyakisasa, na nisingeweza kuwaambia wao kabla yake. Nikakaa chini, nikamweleza yote.

Aliendelea kuchambua. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ule wa mlangoni ungebaki."

"Ungebaki, Mama."

"Siku ile ulijua?"

"Sikujua."

"Mimi nilijua," akasema. "Siyo mambo ya wataalamu wako. Nilijua kwamba ni mzima. Nilikuwa naugusa kila siku, nisijue?" Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage. "Nilimpa Mungu mzima. Ningempaje mgonjwa?"

Nikaanza kulia, mimi mtu mzima. Yeye hakunibembeleza, hakuwa mtu wa hivyo. Aliniuliza, "Nyakisasa unakwenda lini?"

"Keshokutwa."

"Watakutukana."

"Watanitukana."

"Basi safisha uso. Ukienda na macho hayo watadhani umekuja kuomba huruma."

Nilikwenda. Mkutano ulikuwa uwanja wa shule, na watu walijaa kwa sababu walisikia kuna habari mpya ya migomba. Niliwasalimia, nikawaulizia wagonjwa wao, kisha nikawaeleza bila kuzunguka: tuliwaambia mng'oe yote, kumbe ilitosha kukata mgonjwa peke yake. Sikutaja wizara, sikutaja utafiti kwanza. Nilisema, mimi ndiye niliyekuja milangoni mwenu.

Kwanza walidhani l na r zangu zimewachanganya. Kisha kelele zikaanza. Mama mmoja alisimama akasema watoto wake walishindia uji mwaka mzima kwa ajili ya mdomo wangu, akatema mate chini, akaondoka na hakurudi. Alikuwa na haki. Kijana mmoja akauliza kama serikali itarudisha migomba, wengine wakacheka kicheko kibaya. Mimi nilisimama tu. Nilisali sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali: nisimamishe.

Ndipo Mzee Gervas akainuka nyuma kabisa. Nikajiandaa.

"Mnaniona," akasema. "Mtoto wangu yuko machimboni, sijui kama anakula. Huyu bibi shamba alipokuja mara ya kwanza nilimfungia mlango. Nilijua anatuambia sisi tung'oe, halafu kwao wanakula ndizi. Baadaye nikafiwa na dada yangu, aliyeolewa Mbuba. Nilikwenda kuzika. Nikapita mbele ya nyumba ya huyu bibi shamba makusudi, nikatazame. Hapakuwa na mgomba hata mmoja. Mlangoni palikuwa na shimo, na bibi kizee amekaa kando ya lile shimo." Akawageukia wenzake. "Nilirudi, nikang'oa yangu. Na nilipowasimulia, ninyi mkang'oa. Sasa nimtukane kwa lipi? Alichotuambia alikifanya. Kama alidanganywa, tulidanganywa wote pamoja naye."

Hakusema amenisamehe. Hakutabasamu. Alikaa chini, akasema, "Haya, tuonyeshe hiyo njia mpya."

Nikawaonyesha. Tulikwenda kwenye shamba la jirani lililokuwa limebaki, tukawasha moto, nikaunguza panga, nikakata mgomba mgonjwa usawa wa ardhi, nikaliunguza tena. Wengi walitazama, wengine waliondoka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, sitawapambia. Wapo wa kule Nyakisasa ambao mpaka leo tukikutana sokoni wanageukia upande wa pili.

Mama Matilda ameshatangulia mbele ya haki, Bwana Rajabu naye. Mimi nimestaafu na nimechoka, na sioni aibu kusema nimechoka. Mnapenda kuimba kwamba anayemtii Mungu hupata nguvu mpya. Labda. Mimi nilipata nguvu ya siku moja, ikaisha, nikaomba nyingine. Wala sijui mpaka leo kwa nini hakunizuia siku ile mbele ya mgomba ule. Nikifika kwake nitamuuliza, baada ya kumsalimia. Lakini nimejifunza kwamba kumtii si kupatia kila jambo. Unafanya lile unalolijua leo kwa moyo wako wote, na kesho ukijulishwa kwamba ulikosea, unatii tena, unakwenda kusema, hata kama mara hii ya pili ndiyo nzito zaidi. Na wewe huwezi kujua nani anapita barabarani akitazama.

Siku ile, mkutano ulipokwisha, nilikuwa nafunga mkoba wangu niondoke kabla watu hawajanizingira. Mke wa Mzee Gervas akaja. Hatukuwahi kuzungumza. Akasema, "Bibi Shamba, twende ukale, safari ni ndefu." Nilitaka kukataa, nikaogopa kukataa. Nikakaa kwenye mkeka wao, mumewe akiwa kimya kwenye kigoda. Mama yule akaninawisha mikono, akaweka sahani mbele yangu. Ilikuwa maharage na viazi vitamu. Ndizi hawakuwa nazo.

Nilikula, wanangu. Nilikula yote, nikashukuru.